Mrejesho: Swali langu kuhusu neno "wherefore"

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu. Niliuliza kwa nini Juliet, katika tamthilia ya Shakespeare, anasema "wherefore art thou Romeo" kana kwamba anamtafuta kijana huyo, ilhali Romeo yupo bustanini, chini ya dirisha lake, akimsikiliza. Mlinieleza kwamba "wherefore", neno la Kiingereza cha kale, halikuuliza mahali bali sababu, yaani "kwa nini wewe ni Romeo", nami niliporudi kitabuni nikaona mstari unaofuata ukilithibitisha jambo hilo, kwa kuwa Juliet anamsihi amkane baba yake na kulikataa jina lake. Kinachomuumiza ni kwamba mpenzi wake amezaliwa katika ukoo wa Montague, mahasimu wa kwao.

Aliyenifaa zaidi ni yule aliyenishauri nililinganishe na "therefore", yaani "kwa hiyo", ambalo lingali hai hadi leo: moja linauliza sababu, la pili linaijibu. Sasa ninasoma riwaya ya Emma ya Jane Austen, iliyotoka Desemba 1815, ambamo "making love" ni kutongoza kwa maneno tu, si kufanya mapenzi kama inavyoeleweka leo, na safari hii nimetazama kwanza kamusi yenye maana za kale.