Mrejesho: wale vijana wa unga (heroini) waliozidisha dozi mtaani kwetu

Ndugu zangu, asanteni. Mwezi uliopita niliuliza tujiandaeje, maana vijana watatu hapa Mombasa walizidisha dozi ndani ya wiki moja.

Tulichofuata: dada muuguzi alituelekeza tupate naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha unga, kupitia kituo cha methadoni (dawa wanayopewa wanaoacha unga), tukafundishwa kuichoma kwenye msuli wa paja. Mateja (watumiaji wa unga) wenyewe ndio waliojifunza haraka kuliko sisi, na si ajabu, sindano wanaijua.

Ijumaa usiku tuliitwa maskani. Kijana midomo ya bluu, anakoroma kwa mbali kama aliyebanwa na kamasi. Wenzake walishammwagia ndoo ya maji na mmoja anakoroga maji ya chumvi. Tukampulizia pumzi mdomoni, tukachoma. Kimya. Baada ya dakika tatu tukachoma ya pili, akaamka na arosto (maumivu ya kukosa unga) akitutukana wote! Alitaka kuondoka, tukambembeleza hadi kwenye tuktuk, hospitali. Kaka uliyesisitiza hapa kwamba lazima afike hospitali, ulisema kweli: naloksoni huisha nguvu ndani ya dakika 30 hadi 90, unga ukiwa bado mwilini.

Wa pili hatukumuwahi. Alijifungia chooni peke yake, na boksi la naloksoni lilikuwa kabatini, mwenye ufunguo amelala Likoni.

Sasa ampuli na sindano zinakaa kwa mama muuza chai pale maskani, anayekesha. Ushauri wa kutotumia peke yako bado wengi hawausikii.