Vipokea sauti vya kuzima kelele kwa safari: Sony, Bose au AirPods? Naomba ushauri kabla sijanunua

Msafiri wa Alfajiri
Wakuu, salaam. Nimejichanga muda mrefu na sasa nataka kununua vipokea sauti vya kuzima kelele, vile vidogo vya kuchomeka masikioni. Nimebaki na majina matatu: Sony WF-1000XM5, Bose QuietComfort Ultra Earbuds na AirPods Pro 2. Nikisoma huku naambiwa hiki ndicho, nikienda kule naambiwa hakifai. Nasafiri sana na kelele zinanimaliza. Nikifika niendako kichwa kinagonga na hamu ya kazi imeshaisha. Nataka niamue kabla wiki haijakwisha. Kipi nichukue? Nawasilisha.

Kimyakimya
Bose. Vyote vitatu nimevivaa, na kwa mngurumo sijaona kinachovifikia. Ukiviwasha ndani ya ndege unadhani rubani kazima injini.

FundiRedio
Mleta mada, umetupa nusu ya swali. Unasafiri kwa nini: ndege, treni, basi, miguu? Safari moja inachukua muda gani? Simu yako ni iPhone au Android? Unapokea simu njiani au unasikiliza tu? Bila hayo kila mtu atakutajia anachokipenda yeye, na Kimyakimya ameshaanza.

Mama Wawili
Muulize na masikio yake yakoje. Mimi tundu la sikio langu ni dogo, kila kipokea sauti kinachosifiwa kinanichomoka. Kitu kisichokaa sikioni hakizimi chochote, hata kiwe cha kampuni gani.

HedifoniKubwa
Mimi naomba aachane kabisa na hivyo vidogo. Msafiri wa kweli anavaa hedifoni ya kufunika sikio zima. Sony WH-1000XM5 inakaa na chaji saa 30 huku imewasha kuzima kelele. WF-1000XM5 ni saa 8, Bose na AirPods saa 6, baada ya hapo unarudisha kwenye kasha lake la chaji na kusubiri. Tena hedifoni ina tundu la waya: kwenye ndege nyingi skrini ya kiti inataka waya, na hivyo vidogo havina pa kuchomekea.

Kimyakimya
Hedifoni ubebe wapi? Hiyo WH-1000XM5 haikunjiki, inageuka bapa tu, mkoba wake peke yake unajaza nusu ya begi. Jaribu na kulala ubavu ukiwa nayo, asubuhi shingo utaiona.

HedifoniKubwa
Nalala nimekaa, kiti cha ndege hakina ubavu. Vya kuchomeka ukivilalia vinakuchimba sikio.

Msafiri wa Alfajiri
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Majibu: kila siku ya kazi napanda basi dakika 50 kwenda na 50 kurudi, kisha natembea kama robo saa, na kuna barabara mbili za kuvuka. Kila baada ya mwezi mmoja au miwili napanda ndege, saa 7 au 8. Simu yangu ni Android. Napokea simu za kazi njiani karibu kila siku. Masikio ni madogo, nilivyokuwa navyo zamani vilikuwa vinadondoka.

FundiRedio
Haya, sasa tunazungumza. Kwa Android, AirPods zitacheza na kuzima kelele, lakini kuzisasisha programu yake unahitaji kifaa cha Apple, na mipangilio mingi hutaiona. Mimi ningeziondoa kwenye orodha.

Pili, simu za kazi. Kuzima kelele ni kwa faida ya sikio lako. Mtu wa upande wa pili hafaidiki nako. Anachosikia yeye kinategemea maikrofoni na jinsi chipu inavyoitenga sauti yako na ya basi, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Wengi hununua wakidhani bosi naye atapata utulivu. Mpigie rafiki ukiwa ndani ya basi lenyewe, usijaribu ukiwa sebuleni.

Mama Wawili
FundiRedio, nieleze na hili. Mbona nikiwasha, injini inapotea lakini mtoto akilia siti ya nyuma namsikia vizuri, hata zaidi ya mwanzo?

FundiRedio
Dada, swali lako ndilo kiini cha kitu chenyewe, ngoja nilijibu kwa nafasi.

Maikrofoni ya nje inasikia kelele kabla haijakufikia, ya ndani inakagua kilichobaki, na chipu inatengeneza wimbi la kinyume: penye kilima inaweka bonde. Mawimbi mawili yakikutana yanamezana. Wazo ni la zamani, Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza yake Marekani mwaka 1936. Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya Bose, alianza kulifanyia hesabu mwaka 1978 akiwa kwenye ndege kutoka Zurich kwenda Boston, baada ya kuvaa hedifoni na kukuta mngurumo umefunika muziki.

Sasa angalia vipimo. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Mngurumo wa Hz 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, una wimbi lenye urefu wa kama mita 3.4, hivyo chipu ikichelewa kidogo, kilima na bonde bado vinapatana. Kilio kikali cha Hz 3000 wimbi lake ni sentimita 11 tu. Ukichelewa kidogo hapo, kilima kinaangukia juu ya kilima na kelele inaongezeka badala ya kupungua. Kwa hiyo watengenezaji huachia sauti za juu zizuiwe na kipira chenyewe, kile cha nchani kinachoingia sikioni. Kikiziba vizuri zinapungua. Kikiacha mwanya zinaingia zote, na mngurumo nao unarudi nyuma yake. Mtoto unamsikia zaidi kwa sababu kilichokuwa kinamfunika, yaani injini, kimeondoka.

Mama Wawili
Nimekuelewa. Basi mleta mada atafute vipira kwanza, jina la kampuni baadaye. Mimi nilihamia vya sponji, vile unavyobinya kwa vidole kisha vinajaa vyenyewe ndani ya sikio. Mtoto hapotei, ila anakwenda mbali.

Kimyakimya
Bose wanakupa vipira vya saizi tatu na mikanda mitatu ya kushikilia sikio. Kwa mtu ambaye vinamdondoka, hiyo mikanda ndiyo dawa. Nakiri vilipotoka 2023 havikuwa na uwezo wa kuunganika na vifaa viwili kwa mpigo.

FundiRedio
Na Sony wanakupa vya sponji saizi nne, mpaka SS, ndogo kuliko zote. Sikio dogo ningelipeleka huko.

Nyuki Mtulivu
Naomba niwaeleze yaliyonikuta mimi, maana naona vipira tunavipitia haraka.

Vipira nilivyokuta kwenye kasha vilikuwa vinanichubua. Nikanunua vingine visivyo na jina, vya silikoni laini sana. Siku tatu za mwanzo nilifurahi. Ya nne nikapanda basi la usiku, safari ya saa kumi, nikalala navyo. Kwenye saa nane usiku nikaamka, nikavuta cha kushoto, kikatoka, nikakirudisha kwenye kasha. Sikio likabaki limeziba. Nikadhani tunapanda mlima, nikapiga miayo, nikameza mate, wapi. Nikawasha tochi ya simu, nikafungua kasha: kipokea sauti kipo, kipira hakipo.

Hapo ndipo nilipokosea. Nikachomoa kibanio cha nywele nikaanza kukitafuta humo sikioni. Kila nikikigusa kinateleza kwenda ndani. Basi likaingia shimoni, mkono ukaruka, nikapiga ukelele uliowaamsha watu. Mama wa siti ya pembeni akanishika kiganja, akaniambia, "Mwanangu, acha. Usiguse tena. Kaa hivyo hivyo mpaka tufike." Namshukuru hadi leo. Saa nne zilizobaki nilikaa nimeinamisha kichwa, upande mmoja wa dunia umenyamaza, natetemeka nikiwaza nimelitoboa sikio.

Asubuhi daktari alikitoa kwa koleo jembamba, hata dakika haikwisha. Ngozi ya ndani ilikuwa imechunika, na aliniambia waziwazi kuwa jeraha lilitoka kwa kibanio, kipira kingekaa tu kikisubiri. Nilitumia dawa ya matone wiki nzima bila kuchomeka kitu sikioni.

Siwaambii msinunue. Nawaomba kila mkivitoa muangalie kipira kabla ya kufunga kasha, na kikikosekana msichokonoe.

Mama Wawili
Pole sana Nyuki. Nimekwenda kuviangalia vyangu sasa hivi.

Mwendesha Baiskeli
Hamjagusa zile barabara mbili anazovuka! Kuzima kelele ukiwa umekaa siti ya basi ni haki yako. Ukiwa unatembea kandokando ya magari, unajinyima onyo. Gari linalokuja nyuma unalijua kwa mngurumo, na mngurumo ndio hasa kitu kinachofutwa. Nimewahi kumkwepa mtu aliyeingia mbele yangu bila kugeuka, kengele nimepiga mara tatu, hakusikia. Tulianguka wote wawili.

Kimyakimya
Si vyote vina hali ya kupitisha sauti za nje? Anabonyeza tu akishuka.

Mwendesha Baiskeli
Anabonyeza akikumbuka. Mtu aliyetoka kusinzia kwenye basi hakumbuki. Atoe kimoja sikioni akitie mfukoni, basi.

FundiRedio
Nakubaliana nawe kwa barabara. Lakini tusisahau faida yake kwa masikio. Ndege ikiwa juu, ndani huwa na kelele ya karibu desibeli 80 hadi 85. Mwenye vipokea sauti vya kawaida anapandisha muziki uipite hiyo. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na ukifika 90 muda unashuka hadi saa 4. Ukiondoa mngurumo unasikiliza kwa sauti ya chini na kila neno unalipata. Mimi hii ndiyo sababu pekee iliyonifanya ninunue.

Mzee wa Waya
Vijana, mimi kila nikivaa hivyo vya kuzima kelele nahisi masikio yamebanwa, kama ndege inashuka. Vinasukuma hewa ndani?

FundiRedio
Shikamoo mzee. Hapana, hakuna hewa inayosukumwa. Inaelezwa kuwa sauti za chini zikipotea ghafla, ubongo unatafsiri kama mgandamizo wa hewa umebadilika. Wengine wanazoea, wengine hawazoei kabisa. Jaribu kupunguza nguvu yake kwenye programu, kama chako kinaruhusu.

Mzee wa Waya
Marahaba. Nimerudi kwenye vyangu vya waya vyenye vipira virefu vinavyoingia ndani. Havina betri, havina chipu, vinaziba kwa kuziba tu. Injini inabaki kidogo, watu wanapungua sana. Nina miaka saba navyo. Hivyo vyenu betri yake ndogo ikichoka baada ya miaka miwili au mitatu mnafanya nini? Mwanangu alipeleka chake akaambiwa hakifunguliki, anunue kingine. Kitu kizima kinatupwa kwa ajili ya betri isiyozidi punje ya hindi. Inaniuma.

HedifoniKubwa
Mzee ana hoja. Hedifoni kubwa nyingi unaweza kubadilisha hata mito yake ikichakaa.

Kimyakimya
Waya kwenye basi lililojaa unanasa kwenye kila mkono na kila mkoba. Na simu nyingi mpya hazina tundu.

Mzee wa Waya
Kuna kiunganishi kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la chaji. Kinafanya kazi.

Nyuki Mtulivu
Nitoke nje ya mada kidogo. Baba yangu hasikii vizuri siku hizi na anakataa vifaa vya kusaidia kusikia, anasema vitamzeesha. Nimesikia AirPods zinaweza kumsaidia?

FundiRedio
AirPods Pro 2, ndiyo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha programu yake ya kusaidia kusikia mwezi Septemba 2024, kwa watu wazima wenye upungufu mdogo hadi wa kati. Lazima awe na iPhone au iPad, na haipatikani katika kila nchi. Apimwe kwanza na mtaalamu wa masikio, huenda ni nta tu.

Nyuki Mtulivu
Asante sana kaka. Nitaongea naye.

Siti ya Dirishani
Jambo moja kwa mleta mada kuhusu ndege. Kikidondoka katikati ya siti, usibonyeze kitufe cha kusogeza siti ukikitafuta. Betri ya lithiamu ikisagwa inaweza kushika moto. Ita mhudumu. Na saa 6 za chaji zisikutishe: wakileta chakula virudishe kwenye kasha, utavikuta vimepata chaji ya kukufikisha.

Msafiri wa Alfajiri
Wakuu, nimesoma kila neno. Leo jioni mfanyakazi mwenzangu ameniazima Sony zake, vipira saizi ya kati. Injini ya basi imekwenda kweli, nimefika kichwa chepesi, sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Ila kwenye tuta la kwanza cha kushoto kilichomoka, nikakidakia magotini. Nimempigia mke wangu, akasema ananisikia mimi na kondakta kwa pamoja. Jumamosi nitajaribu vipira vya SS, kisha Bose na ile mikanda yake. Za waya za Mzee nazo zimeniingia akilini. Bado sijui.

Nyuki Mtulivu
Vya SS kabla hujavivaa, vuta kila kimoja kwa vidole uone kama kimeshika kwenye shingo ya kipokea sauti.

Kimyakimya
Ukivaa Bose geuza kidogo kuelekea nyuma mpaka mkanda uingie kwenye kunjo la sikio. Wengi hawageuzi.