Ubora wa maisha kwa wagonjwa wa saratani ya umio: tumuulize nani, na tumuulize lini?

Swali (muuguzi mtafiti, Moshi)

Habari za kazi, wanajukwaa. Ninaandaa itifaki ya utafiti wa shahada ya uzamili utakaolinganisha makundi mawili ya wagonjwa wenye saratani ya umio iliyofika hatua isiyoponyeka: wanaowekewa stenti, yaani kijibomba cha kupanua umio, ili waweze kumeza, na wanaopewa tibamionzi ya kuwapa nafuu. Msimamizi wangu anataka ubora wa maisha, kama unavyoelezwa na mgonjwa mwenyewe, uwe ndio matokeo makuu ya utafiti. Nakubaliana naye kabisa, kwa sababu tiba hizi hazikusudii kuponya, bali kumwezesha mtu kula, kulala na kukaa na watu wake katika muda uliobaki.

Nimechagua dodoso la QLQ-C30 la EORTC, lile shirika la Ulaya la utafiti wa saratani, lenye maswali 30. Hata hivyo, swali la kwanza linagusa taabu ya kubeba vitu kama mfuko mzito wa manunuzi au sanduku la safari, na wagonjwa wangu wengi ni wakulima, hivyo nilifikiri kuweka ndoo ya maji badala yake. Tena wengi huja na ndugu anayewasemea, na baadhi hawajui kusoma. Je, jibu la ndugu lihesabiwe? Na je, nipime baada ya wiki mbili au baada ya miezi mitatu?

Jibu la kwanza (mtaalamu wa takwimu za afya, Dar es Salaam)

Ndugu muuguzi, naanza na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloweza kugeuza hitimisho la utafiti wako wote. Mwaka 2004 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uholanzi uliohusisha wagonjwa 209 wa aina hiyohiyo, waliogawanywa kwa bahati nasibu kati ya stenti na mionzi inayotolewa kwa dozi moja ndani ya umio wenyewe. Waliowekewa stenti walipata nafuu ya kumeza mapema zaidi, lakini kadiri muda ulivyosonga waliopata mionzi ndio waliokuwa na nafuu ya kudumu, na alama za ubora wa maisha nazo zikawaelekea wao. Anayepima mara moja tu katika wiki za mwanzo anaweza kuitangaza stenti kuwa bora, na anayepima baadaye akatangaza kinyume chake, wote wawili wakiwa wamehesabu kwa usahihi. Kwa hiyo pima kabla ya tiba, kisha urudie mara kadhaa kwa tarehe zilizoandikwa kwenye itifaki, na useme mapema ni kipimo cha wakati gani kitakachobeba hitimisho.

Hapo ndipo linapoingia tatizo ninaloliona kubwa kuliko yote katika tafiti za namna hii. Wanaoacha kujibu si watu wa kawaida waliosahau tu; mara nyingi ni wale waliozidiwa. Kundi likipoteza wagonjwa wake dhaifu, wastani wa waliobaki hupanda, na jedwali likaonyesha kwamba watu wanapata nafuu ilhali walio wagonjwa zaidi wameshatoka kwenye hesabu. Andika sababu ya kila dodoso lisilojazwa: amefariki, amezidiwa, amekataa, au mtumishi hakumfikia. Kifo kisiwekwe fungu moja na karatasi iliyosahaulika.

Jambo jingine: QLQ-C30 peke yake haitoshi kwa ugonjwa huu. Ongeza OES18, sehemu ya EORTC inayohusu umio, yenye maswali 18, na uchague kipimo cha ugumu wa kumeza kiwe ndicho kikuu. Uwe mwangalifu wakati wa kukokotoa. Maswali matatu ya kipimo hicho yanauliza kama mgonjwa aliweza kula chakula kigumu, kula chakula laini na kunywa, kwa hiyo jibu la juu ni heri, wakati katika maswali mengine ya dalili jibu la juu ni shari. Usipoyageuza, matokeo yako yatapinduka. Alama hupangwa kuanzia 0 hadi 100, na kwa QLQ-C30 wengi hufuata kazi ya Osoba na wenzake ya mwaka 1998: badiliko la alama 5 hadi 10 ni dogo, 10 hadi 20 ni la wastani, na zaidi ya 20 ni kubwa.

Jibu la pili (daktari wa tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, Eldoret)

Nakubaliana na mtaalamu, nami naongezea kuhusu ndoo na ndugu. Ndoo usiiweke kwa uamuzi wako mwenyewe. Dodoso hilo ni mali ya EORTC, na alama zake zinalinganishika duniani kwa sababu watu wote wanaulizwa jambo lilelile. Omba toleo la Kiswahili kwao, uwasomee wagonjwa wachache kabla ya utafiti kuanza, uwaulize wameelewa nini kwa kila swali, kisha uwaandikie EORTC kama kuna lisiloeleweka. Mfano mzuri uko kwenu Tanzania: SF-36 ya Kiswahili, dodoso la afya kwa ujumla, ilipimwa kwanza kwa wakazi wa Dar es Salaam, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 1999.

Ndugu asijibu kwa niaba ya mgonjwa anayeweza kujibu. Maumivu na hofu havionekani kwa nje kama vinavyohisiwa, na mgonjwa mbele ya mwanawe huweza kuficha mengi ili asimtie wasiwasi. Asiyesoma asomewe na mtumishi asiyehusika na matibabu yake, kwa faragha na kwa maneno yaleyale kila mara. Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika kina kipimo chake, APCA African POS, chenye maswali 10, saba ya mgonjwa na matatu ya mlezi wake, na majibu ya 0 hadi 5 yanaweza kuonyeshwa kwa vidole vya mkono, ngumi ikiwa ni sifuri. Maoni ya mlezi yanakusanywa humo, lakini yanabaki kuwa ya mlezi.

Muuguzi mtafiti, Moshi

Nashukuru sana, ndoo nimeiacha. Swali moja limebaki: mgonjwa akijibu kwamba ana maumivu makali sana, nifanye nini, ilhali mimi ni mtafiti tu siku hiyo?

Daktari wa tiba shufaa, Eldoret

Liandike kwenye itifaki kabla hujaenda kwenye kamati ya maadili. Mwongozo wa SPIRIT-PRO wa mwaka 2018, unaohusu uandishi wa itifaki za tafiti zinazowauliza wagonjwa wenyewe, nao unataka jambo hilo lielezwe. Taja ni jibu gani litakalomfanya mtumishi apige simu, ampigie nani, na ndani ya muda gani, tena mweleze mgonjwa utaratibu huo wakati wa kuomba ridhaa yake, ili asidhani kwamba kila anachokijaza kwenye karatasi kinasomwa na daktari wake siku hiyohiyo. Karatasi zikaguliwe kabla mgonjwa hajaondoka kliniki.