Mahindi: tufunge mpaka, au mkulima auze anakopata bei?

Wakuu, kila sembe ikipanda bei mijini wanajitokeza wanaotaka mahindi yazuiwe kutoka nje ya nchi. Mimi napinga, na naomba tujadili kwa hoja.

Tulishajaribu. Juni 2017 Serikali ilizuia kuuza nje mahindi ghafi, ikataka anayeuza nje apeleke unga. Nia ilikuwa nzuri: viwanda vipate kazi, pumba zibaki kwa mifugo wetu. Lakini mkulima wa Sumbawanga au Songea ana gunia, hana kiwanda. Mavuno yakawa mazuri, mnunuzi wa nje hayupo, bei ikaanguka. Walanguzi walichukua walivyotaka, na mengine yakavuka kwa njia za panya bila Serikali kupata ushuru.

Machi 2021 Kenya nayo ilizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka. Malori yalikwama Namanga, tukalalamika, na tulikuwa na haki. Mei mwaka huohuo Rais Samia alipokwenda Nairobi suala hilo likazungumzwa ngazi ya juu. Tukifunga sisi kesho, mnunuzi yuleyule atatuamini vipi?

Wapo wanaosema mbolea ina ruzuku tangu 2022, kwa hiyo mahindi ni ya wote. Sikubali. Ruzuku ilitolewa ili mkulima avune zaidi. Haikununua gunia lake.

Hoja inayonisumbua kweli ni nyingine: wakulima wengi huuza karibu yote Julai, halafu Februari wananunua unga kwa bei ya juu. Hao mpaka ukiwa wazi wanaumia. Ila wanauza mapema kwa sababu ya ada, madeni na kukosa ghala, na kufunga Namanga au Tunduma hakuondoi hata kimoja kati ya hivyo. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) ungeingia sokoni mapema, ukanunua kwa bei ya ushindani na kulipa papo hapo, ghala la taifa lingejaa kwanza na ziada ikauzwa. Ziada ya namna hiyo ndiyo tuliyoiuzia Zambia ukame ulipoikumba 2024.

Mnaotaka mpaka ufungwe, nijibuni: mkulima akilazimishwa kuuza kwa hasara ili mjini ugali uwe rahisi, ile tofauti ya bei anamdai nani?