Tupeane uzoefu: umewahi kuanguka kazini, au kumwona mwenzako akianguka?

Saidia Fundi wa Zamani

Wakuu, heshima mbele. Jana nimetoka kumjulia hali kijana wetu wa saiti, amelazwa na nyonga iliyovunjika. Hakuanguka kutoka ghorofani. Alipanda juu ya pipa la lita 200 lililogeuzwa, akipiga plasta juu ya dirisha, kwa sababu kusogeza jukwaa kungemla nusu saa. Pipa lenyewe halifiki hata mita moja.

Nimeanza kazi hizi Dar mwaka 2009. Saiti yangu ya kwanza jukwaa lilikuwa la mirunda na misumari, na mbao za kukanyagia ni zile zile zilizokwisha kumwagiwa zege. Ubao mmoja ulikuwa na ufa. Sote tuliujua, tukawa tunauruka. Asubuhi moja akaja kibarua mgeni, na hakuna aliyemwambia. Nilipofika chini ndoo yake bado inajiviringisha, yeye hajiinui. Alipona, ila mguu haukurudi kama zamani. Yule nabeba deni lake mpaka leo, maana nilikuwa wa mwisho kuuruka ule ubao kabla yake.

Sasa nipo kwa mkandarasi mwingine. Saa moja asubuhi, kabla mtu hajashika sepeto, tunakaa dakika kumi. Formeni hahutubii, anauliza: nani yuko juu leo, atakanyaga nini, atajifunga wapi? Jukwaa lina kadi: ya kijani unapanda, nyekundu huligusi, na anayesaini ni mtu mmoja aliyesomea. Mwanzoni niliona tunapotezeana muda. Kwenu ikoje?

Mpishi wa Pwani

Pole kwa kijana, Mungu amsimamishe. Kwetu jikoni Mombasa hakuna ghorofa, kuna mafuta. Niliteleza mbele ya karai la kukaangia, nikaegemeza mkono kwenye jiko lenye moto. Kovu ninalo.

Kosa letu lilikuwa kupiga deki kwa maji baridi katikati ya kazi. Mafuta hayatoki, yanatandazwa tu sakafu nzima. Mpishi mkuu mpya akabadilisha: maji ya moto na sabuni ya kuyeyusha mafuta, unaiacha kidogo, unasugua, unakokota maji yote mpaka kwenye mfereji. Ndala marufuku, viatu vya kufunika vyenye soli ya mpira ananunua mwajiri. Na ukimwaga kitu husogei. Unasimama hapo hapo unaita mpaka aje mtu na kitambaa. Hilo la kusimama ndilo lililotuokoa zaidi.

Mtoto wa Wete

Mbona hakuna anayeutaja mkarafuu? Nao ni mahali pa kazi. Tawi la mkarafuu halina taarifa, hukatika ghafla, na vishada vizuri viko nchani. Baba yangu alianguka msimu wa karafuu nikiwa darasa la tano, uti wa mgongo ukaumia. Mimi sasa sipandi mpaka umande ukauke, najifunga kamba kwenye shina, na tawi nalivuta kwa kijiti chenye kulabu badala ya kulifuata. Nachuma kidogo kuliko wenzangu. Jioni narudi kwa miguu yangu.

Chuma cha Temeke

Swali, wakuu. Nimepewa mkanda wa usalama, lakini juu ya paa sioni pa kuufunga. Naufunga hapo hapo juu ya paa, usawa wa miguu yangu. Ni sawa?

Jamaa wa Athi River

Ndugu, usifanye hivyo. Kamba ya mita mbili ukiifunga usawa wa nyayo, utashuka zaidi ya mita tatu kabla haijakushika. Funga juu ya kichwa, kwenye kitu kinachobeba uzito wako ukishuka kwa kasi, si kwenye bomba la maji. Na mpange mapema nani atakushusha, kwa sababu mtu aliyening'inia mkanda unambana, damu inakwama miguuni, na anaweza kufa akiwa hana jeraha.

Huku Kenya sheria ya mwaka 2007 inataka kamati ya usalama penye wafanyakazi 20 au zaidi. Mimi nimo kwenye yetu. Kazi ya kwanza ilikuwa ngazi: kila mita nne kwenda juu, mguu wake utoke ukutani mita moja, na kichwa kipite ukingo wa paa kwa mita moja. Tulikagua zote, tatu tukazikata vipande siku hiyo hiyo ili mtu asizirudie.

Saidia Fundi wa Zamani

Asanteni sana. Chuma cha Temeke, mwambie bosi wako akuwekee kamba ya kujifungia kabla hujapanda tena, nakuomba.

Nimekaa nawaza: kadi zote zile, na hakuna aliyewahi kuuliza habari za pipa. Leo kwenye kikao nimeomba tuongeze swali moja: nani atasimama juu ya kitu chochote, hata tofali mbili? Mikono minne ikanyooka.