Redio za asubuhi Uingereza na ngonjera ya "kikomo": pauni 1,755 SI bili ya mtu yeyote!

Wakuu, salaam.

Nafungua uzi huu kwa hasira na sitaomba radhi. Mods, tafadhali msiuhamishie jukwaa la vichekesho.

Mara nne kwa mwaka, mwishoni mwa Februari, Mei, Agosti na Novemba, Ofgem (mdhibiti wa nishati, ndiyo EWURA ya huku; Wakenya, EPRA yenu) hutangaza "kikomo", yaani bei za juu kabisa za umeme na gesi kwa miezi mitatu inayofuata. Na mara nne kwa mwaka, kuanzia saa 1 hadi saa 4 asubuhi, redio za maongezi hugeuka kijiwe. Mtangazaji anasoma namba moja, anafungua simu, halafu anauliza: utawasha hita au utavaa sweta? Anapiga mzee kusema enzi zao barafu iliganda ndani ya dirisha na watu waliishi. Anapiga wa pili kulaumu mitambo ya upepo. Wa tatu analaumu wahamiaji, maana sisi hatukosekani kwenye mada yoyote, hata ya mashimo barabarani. Matangazo ya biashara, hali ya hewa, kwaheri. Saa tatu nzima hewani na hakuna hata mmoja aliyeambiwa nenda kasome mita yako.

Namba ya Oktoba hadi Desemba 2025 ilikuwa pauni 1,755 kwa mwaka. Ilisomwa kana kwamba ukishafika hapo mita inasimama. HAISIMAMI. Kinachowekewa kikomo ni bei ya uniti moja (kWh) na ada ya kila siku, basi. Hiyo 1,755 ilikuwa mfano wa nyumba ya kufikirika inayotumia uniti 2,700 za umeme na 11,500 za gesi kwa mwaka, na inalipa kwa makato ya benki. Hesabu yake hii hapa:

Umeme: 2,700 × peni 26.35 = pauni 711.45
Gesi: 11,500 × peni 6.29 = pauni 723.35
Ada za siku: peni 53.68 za umeme + peni 34.03 za gesi = peni 87.71 × siku 365 = pauni 320.14

Jumlisha mwenyewe. Sasa, kwa bei hizo, chukua mtu anayeishi peke yake, uniti 1,800 za umeme na 7,500 za gesi: analipa kama pauni 1,266. Chukua nyumba ya watoto watano wanaooga kwa zamu na jiko halizimwi, uniti 4,100 na 17,000: inafika pauni 2,470. Bei zilezile, kikomo kilekile. Halafu mama wa watu amesikia redioni "1,755", bili ikija 2,470 anadhani kaibiwa, au mbaya zaidi anadhani mita ya jirani imeunganishwa kwake.

Na hizo peni nilizotaja ni wastani wa England, Scotland na Wales. Kila eneo lina bei zake, na yako maeneo kumi na manne. Kwa miaka ya karibuni ada ya siku ya umeme London imekuwa chini sana, Merseyside na Wales Kaskazini iko juu. Ireland Kaskazini hawamo kabisa, wana mdhibiti wao. Mwenye mkataba wa bei isiyobadilika hamo. Na nyie mnaokaa ghorofa mpya zenye boila moja la jengo zima, maji ya moto yanakuja kwa bomba kutoka chini, joto lenu HALIMO kwenye kikomo hiki. Mmewahi kusikia hilo kati ya saa 1 na saa 4? Mimi nasubiri.

Ada ya siku ndiyo inayonipandisha presha. Kwenye bili imeandikwa standing charge. Unalipa hata ukisafiri Mombasa miezi miwili na nyumba ina giza. Kwa bei hizo za mwisho wa 2025, mwezi wa siku 30 ulikuwa pauni 26.31 kabla hujachemsha chai. Ndani yake mmekuwa na gharama za nguzo na nyaya, miradi ya serikali, na hasara ya makampuni karibu thelathini yaliyofilisika kuanzia 2021 bei ya gesi ilipopaa. Wateja wao walihamishiwa makampuni mengine, na gharama ya kuwahamisha ikagawanywa kwa kila mwenye mita. Kampuni imekufa, matanga unalipa wewe. Sasa mtu akikwambia uokoe pesa kwa kuzima taa ya veranda, mwambie ada ya siku haijui habari ya taa.

Wanaoumia zaidi ni wenye mita za kulipia kabla, LUKU ya huku, ya ufunguo kwa umeme na kadi kwa gesi. Kiangazi hakuna anayewasha radieta, kwa hiyo watu hawaweki pesa kwenye kadi ya gesi. Ada inaendelea kujiandika kama deni. Siku 120 kwa peni 34 ni karibu pauni 41. Baridi ya kwanza ya Oktoba mtu anaweka pauni 20, mita inameza yote na radieta inabaki baridi kama kaburi. Dawa yake ni ndogo: Juni hadi Septemba weka pauni 3 kila wiki hata kama hutumii gesi, ada inalipwa polepole. Na ukihamia nyumba mpya usitumie ufunguo wala kadi uliyoikuta droo ya jikoni. Unaweza kujikuta unalipa deni la mpangaji aliyeondoka. Piga simu kwanza, ujue kampuni inayohudumia mita ile, wakupe mpya kwa jina lako.

Hayo ni dakika nne hewani. Nne! Wao wanatupa sweta.

#2
Mkuu, jazba punguza kidogo. Redio ya asubuhi kazi yake ni watu wapige simu. Ukianza kusoma kanuni ya gesi saa 1 na nusu, dereva aliyekwama kwenye foleni ya M25 atahamia kwenye muziki. Hata hivyo nakubali wangeitaja namba kama bei ya uniti, si bili ya mwaka. "Umeme peni 26, gesi peni 6" inakaa kichwani.

Ila umesahau balaa kubwa kuliko yote: mita ya gesi haipimi uniti, inapima ujazo. Kama mita yako imeandikwa m³, kwa kawaida tarakimu tano kabla ya nukta, basi ujazo × 1.02264 × thamani ya joto (imo kwenye bili, mara nyingi karibu 39.5) ÷ 3.6 ndiyo uniti. Kila m³ inatoa kama uniti 11.2. Mita za zamani zimeandikwa ft³, tarakimu nne, na hapo unazidisha kwanza kwa 2.83. Kosa linatokea mita inapobadilishwa kutoka ya zamani kwenda mpya na kampuni haibadilishi kumbukumbu zake. Unasoma m³ 100, wao wanaziona za kizamani: kwa ile bei ya peni 6.29, badala ya pauni 70.58 unadaiwa pauni 199.74. Ukiona bili ya gesi imeruka karibu mara tatu baada ya fundi kuja, anzia hapo kabla ya kugombana na watoto.

#3
Kuna kejeli moja hakuna mtangazaji aliyeicheka. Mita nyingi za umeme wa bei mbili, mchana ghali na usiku rahisi, kwa miaka na miaka ziliamrishwa na redio hiyohiyo! Ishara ilipita kwenye masafa marefu ya BBC Radio 4, 198 kHz, kutoka minara kama wa Droitwich. Ndiyo iliyoiambia mita sasa usiku, washa hita za kuhifadhi joto. Mfumo huo ulipangwa kuanza kuzimwa 30 Juni 2025, eneo kwa eneo. Ambaye mita yake haijabadilishwa, ishara ikikatika hita zinaweza kubaki zimewaka mchana kutwa kwa bei ya juu, au zisiwake kabisa, au zikawaka saa siyo. Dalili: kuna kisanduku cheusi cha swichi kando ya mita, nyumba haina gesi, na hita za ukutani zinapata moto usiku peke yake. Usingoje barua. Omba mita janja inayotunza bei mbili na inayowasha hita zenyewe, na useme hivyo kwa maneno, la sivyo watakufungia yoyote.

#4
Wakuu, nyumba ya vyumba vya kushirikiana, mwenye nyumba ana mita ndogo kila chumba na anauza uniti kwa bei yake. Inaruhusiwa?

#1 (mwanzisha uzi)
#4, kuuza anaruhusiwa, kupata faida haruhusiwi. Ofgem ina sheria ya bei ya juu ya kuuza tena: hawezi kukutoza uniti kwa zaidi ya alivyonunua, na ada ya siku mnagawana. Mwombe nakala ya bili kwa maandishi. Akikataa, nenda Citizens Advice, shirika la ushauri kwa wananchi, ni bure.

#2, hilo la m³ umenisaidia, lakini dereva wa M25 naye ana mita nyumbani. Kuhusu bili ya makadirio (imewekwa herufi E pembeni ya namba): piga picha ya mita, namba ya mita na tarehe vionekane, watumie, dai bili mpya. Wakileta deni la zamani, kumbuka miezi 12. Hawaruhusiwi kukudai matumizi ya zaidi ya miezi 12 nyuma ikiwa kosa la kutokutoza ni lao. Ukiwa uliwazuia kusoma mita, hapo huna kinga. Kwenye simu tamka neno "complaint", usiseme "swali", maana saa inaanza kuhesabu siku unapolalamika. Wiki 8 zikipita, au wakikupa barua ya kukwama (deadlock letter, yaani wamefika mwisho na hawana la zaidi) kabla ya hapo, nenda Energy Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko ya nishati. Hulipi kitu, na ukiukubali uamuzi wake kampuni inabanwa kuutekeleza.

Bei mpya huanza kila miezi mitatu, mfano 1 Januari. Picha ya mita ipigwe jioni ya 31 Desemba na itumwe siku hiyohiyo, ili uniti za Desemba zisije zikachanganywa na za Januari. Wenye bei mbili, mita ina rejista mbili: piga zote.