Nyambizi ya kwanza kutega mabomu: Krab ya Urusi au UC za Ujerumani?

Mzamiaji: Mnaowapa Wajerumani sifa hii mnamdhulumu Naletov, mhandisi Mrusi aliyebuni Krab. Wazo alilipata Port Arthur, ngome ya Urusi kule Uchina, mwaka 1904, manowari Petropavlovsk ilipogonga bomu ikazama na Admirali Makarov. Krab yake ilishushwa majini 1912, inabeba mabomu 60. UC za kwanza zilibeba 12.

FundiMitambo: Imeshushwa 1912, imeingia kazini 1915! UC ziliagizwa Novemba 1914, na kabla Krab haijafika Bosphorus, mlango wa bahari wa Uturuki, mwezi Julai 1915 zilikuwa zimeshatega pwani ya Uingereza. Chombo cha kukaa gatini ni pambo.

Mzamiaji: Pambo? Breslau, manowari ya Kijerumani iliyotumikia Uturuki, iligonga bomu la hilo pambo mwezi huohuo. UC zako mabomu yalikaa kwenye mirija iliyojaa maji ya bahari, kina cha bomu kukaa majini kinapangwa bandarini, nahodha akifika hawezi kubadili kitu. Juzi ulishindwa kueleza pampu ya dizeli, leo fundi wa Hamburg?

FundiMitambo: Pampu imeingiaje hapa?

BintiMwambao: Kitchener, waziri wa vita wa Uingereza, si aliuawa na topido ya nyambizi hizi? Ndiye aliyekuja 1885 na tume ya kupima milki ya Sultani wa Zanzibar. Malipo ni hapahapa.

Kipanga: Si topido. Hampshire, manowari aliyopanda, iligonga bomu la nyambizi ya Kijerumani U-75 magharibi mwa visiwa vya Orkney, Uskoti, Juni 1916. Na walikufa watu zaidi ya 700, wengi mabaharia tu. Wao walimpima nani?

BintiMwambao: Usinifundishe huruma. Sultani akaachiwa maili kumi za mwambao, wenyeji hawakuulizwa.

MzeeWaMji: Binti yangu, maili kumi walikubaliana London na Berlin 1886. Tume ilipima tu, na Mfaransa alikuwemo.

BintiMwambao: Shikamoo mzee, lakini aliyeshika kamba hana lawama?

FundiMitambo: Jamani, nyambizi! UC-2 ilipozama karibu na Yarmouth Julai 1915, wapiga mbizi wa Kiingereza walikuta mabomu ndani, ndipo wakajua nani anawategea. Krab ilimshtua nani?

Mzamiaji: Breslau. Nimeshasema.

Kipanga: Mzee, na 1963 mwambao ulipoingizwa Kenya, napo ilikuwa kupima tu?

MzeeWaMji: Hilo la 1963 fungueni uzi wake. Nina mengi.

BintiMwambao: Hapana mzee, yaseme hapahapa.